Ole Evinrude, fundi aliyefunga moteri nyuma ya boti

Mtu anayevuka kutoka Idjwi kwenda Bukavu, ao anayepakia mihogo Baraka kuelekea Uvira, anaweka maisha yake juu ya kitu kimoja kidogo: ile moteri iliyofungwa nyuma ya boti. Ikizimika katikati ya ziwa, upepo ndio unaamua safari itaishia wapi. Moteri ya namna hiyo, inayokazwa kwa vise na kushikwa kwa mkono mmoja, ilienea duniani kwa sababu ya mtoto wa mkulima aliyeacha shule akiwa bado mdogo. Aliitwa Ole Evinrude.

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1877 huko Norwe, karibu na mji wa Gjøvik. Alipokuwa na miaka kama 5, wazazi walivuka bahari pamoja na watoto, wakaenda kutafuta udongo wa kulima katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Shamba lao lilikuwa karibu na Ziwa Ripley. Baba alitaka mikono ya kulima, na Ole alikuwa na mikono mikubwa yenye nguvu, lakini akili yake ilikuwa kwenye mbao na vyuma. Inasimuliwa kwamba aliunda mashua yake ya kwanza kwa siri, baba akaikuta na kuivunjavunja. Kijana hakubishana. Alianza nyingine, tena kwa kujificha, na hiyo ikaelea.

Akiwa na miaka 16 alitoka nyumbani akaenda Madison kufanya kazi kwenye kiwanda cha mashini za kilimo. Kisha akapita Pittsburgh kwenye viwanda vya chuma, akapita Chicago, na mwisho akafika Milwaukee. Huko alikuwa fundi wa kutengeneza vielelezo vya mbao ambavyo kwa hivyo chuma kinachoyeyushwa kinapewa umbo. Mchana alifanya kazi ya tajiri, usiku alifanya ya kwake: kuunda moteri ndogo za esanse. Majirani walichoshwa na kelele. Biashara ya kwanza aliyofungua na wenzake haikudumu.

Pale Milwaukee alikutana na binti aliyeitwa Bess Cary, aliyejua kuandika barua na kushika hesabu. Walioana mwaka wa 1906. Bila huyu mama, pengine jina la Evinrude lingebaki kwenye karakana moja ya mtaani.

Hadithi inayojulikana zaidi ni ile ya Ziwa Okauchee. Siku moja ya joto kali walikuwa kisiwani kupumzika na marafiki, Bess akatamani kremu ya baridi. Ole akashika makasia, akapiga karibu kilometa 4. Kurudi, jua lilikuwa limekwisha kazi yake: kremu yote imekuwa maji. Ni hapo, kwa kadiri inavyosimuliwa, alipoanza kuwaza moteri ambayo mtu anaweza kuibeba mkononi, kuifunga nyuma ya mashua yoyote, na kuifungua tena jioni.

Wapo wanaosema alikuwa wa kwanza duniani. Hapana. Mbele yake Cameron Waterman wa Detroit alikuwa tayari anauza moteri za namna hiyo. Lakini Evinrude alipanga vyuma vizuri, na hilo ndilo lililobaki. Gurudumu zito lililala juu, mhimili ukashuka wima ndani ya bomba hadi majini, na huko chini meno mawili yakageuza nguvu kuipeleka kwenye elisi, ile pangaboi inayosukuma maji. Moteri yote iligeuka kulia na kushoto, kwa hiyo usukani mwingine haukuhitajika. Mtu akiangalia moteri ya leo kwenye bandari ya Kalemie ataona mpango uleule.

Ile ya kwanza kuuzwa, mwaka wa 1909, ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, uzito kama kilo 28, na bei yake dola 62. Bess alipoiona kwa mara ya kwanza aliifananisha na kinu cha kusagia kahawa. Kuiwasha ilikuwa kushika kifundo cha mbao juu ya gurudumu na kulizungusha kwa nguvu, na aliyechelewa kuachia alipigwa vidole. Rafiki mmoja aliiazima kwenda nayo ziwani siku ya mapumziko, akarudi na watu 10 wanaotaka kununua, tena na pesa zao za kutanguliza. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka wa 1911.

Bess ndiye aliyeandika tangazo la kuwaambia watu watupe makasia yao. Ndiye pia aliyejibu barua, usiku na mchana, mpaka maagizo yakafika kutoka Norwe na nchi za jirani, ambako wavuvi walielewa faida ya chombo hicho upesi kuliko matajiri wa Marekani waliokinunua kwa kujifurahisha. Kufikia mwaka wa 1912 kiwanda kilikuwa na wafanyakazi karibu 300. Lakini afya ya mama huyu ilikuwa inavunjika. Ole akafanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawangekubali: akamuuzia mshirika wake Chris Meyer sehemu yake yote, akatia sahihi kwamba kwa miaka 5 hatagusa biashara ya moteri za boti, akamchukua mke wake na mtoto wao Ralph kwenda kutembea na kupumzika.

Mikono haikupumzika. Miaka ile ilipokwisha, Ole alikuwa na mpango mupya: moteri ya silinda mbili, yenye sehemu nyingi za aluminiamu, nguvu za farasi 3 na uzito kama kilo 22. Nguvu mara mbili ya ile ya kwanza, na kilo 6 pungufu. Alimpelekea Meyer, Meyer akakataa. Basi mwaka wa 1921 Ole na Bess wakaanza upya kwa jina la Elto, kushindana na kampuni yenye jina lao wenyewe. Na Elto ikawashinda.

Hizi kilo si jambo dogo. Moteri inakaa mwisho kabisa wa boti. Ikiwa nzito, nyuma inazama na pua inapanda, nahodha haoni mbele. Ikifungwa juu mno, elisi inashika hewa, inalia bila kusukuma. Ikifungwa chini mno, bomba linakokota maji na boti inakuwa nzito. Hata mwinamo una maana: moteri ikilazwa kuelekea boti, pua inashuka, ikisukumwa nje, pua inanyanyuka, na ikizidi boti inaanza kuruka kama chura. Hesabu hizi zilianza kuumiza mafundi vichwa mwaka wa 1928, Elto ilipotoa moteri ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 18, na vijana wakaanza kushindana mbio ziwani.

Wakati huo mchezo mwingine ulikuwa umekwisha kuzaliwa si mbali na Wisconsin. Mwaka wa 1922, kwenye Ziwa Pepin huko Minnesota, kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, alisimama juu ya mbao mbili akivutwa kwa kamba na boti ya kaka yake. Boti ile ilitumia moteri kubwa ya gari iliyowekwa ndani, juu moteri za kufunga nyuma hazikuwa bado na nguvu hiyo. Zilipoipata, shida ikawa kamba. Ukiifunga kwenye pembe moja ya nyuma, mtu akivuta upande, boti nzima inageuka. Ukiifunga kwenye moteri yenyewe, unavunja vise na usukani unakuwa mgumu. Mafundi wakajifunza kuivuta katikati, juu ya moteri, ao kwenye nguzo iliyosimama mbele kidogo ndani ya boti. Elisi nayo inabadilishwa: ya mbio haivuti, inayofaa ni ile yenye mkato mdogo, sawa lori linavyopanda Ngomo kwa vitesi ya kwanza. Anayevuta mtumbwi ulioharibika kurudi bandarini anahitaji kanuni hizohizo, hata kama hajawahi kuona mtu akiteleza juu ya mbao.

Mwaka wa 1929 Elto, kampuni ya zamani ya Evinrude na ile ya Lockwood ziliunganishwa, na Ole akawa mkubwa wa zote. Saa mbaya sana. Miezi michache baadaye uchumi wa Marekani ulianguka, na nani atanunua moteri ya boti wakati hana mkate? Ole aliacha kuchukua mshahara na akaweka pesa zake mwenyewe ili viwanda visifungwe. Bess alikufa mwaka wa 1933. Ole hakukaa sana baada yake. Alikufa Milwaukee tarehe 12 Julai 1934, akiwa na miaka 57.

Mtoto wao Ralph akashika kazi, na mwaka wa 1936 akaunganisha kampuni na ile ya Johnson, mshindani wao mkubwa. Jina la Evinrude liliendelea kuandikwa juu ya moteri mpaka mwaka wa 2020, pale kampuni ya Kanada iliyokuwa inalimiliki ilipotangaza kwamba inaacha kuziunda.