Daktari Solomon Fuller, Mwana wa Afrika Aliyechunguza Usahaulifu

Marehemu Daktari Solomon Carter Fuller alizaliwa mjini Monrovia, Liberia, tarehe 11 Agosti, 1872. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani, akajinunulia uhuru wake, kisha akahamia Liberia. Mjukuu alivuka bahari mwaka 1889 kutafuta elimu huko huko Marekani, na mwaka 1897 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston.

Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough alichunguza kwa hadubini ubongo wa wagonjwa waliofariki. Mwaka 1904 alikwenda Munich, Ujerumani, kufanya kazi na Daktari Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza ugonjwa unaoitwa leo kwa jina lake. Ugonjwa huo huharibu ubongo pole pole, hata mtu akasahau njia, majina na watoto wake mwenyewe. Mwaka 1912 Fuller aliueleza kwa kirefu katika lugha ya Kiingereza.

Askari wana sababu ya pekee ya kumkumbuka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliwafundisha madaktari weusi waliokwenda kuhudumu katika hospitali ya askari wa zamani huko Tuskegee. Kwa elimu hiyo waliitambua kaswende kwa askari weusi ambao ugonjwa wao ulikuwa umedhaniwa kuwa mwingine.

Mwaka 1933, Mzungu aliyekuwa chini yake alipopewa cheo cha juu zaidi, Fuller aliacha kufundisha chuoni. Kisukari kilimpofusha, naye akafariki tarehe 16 Januari, 1953.

Hakuwahi kuiona dawa ya ugonjwa alioupeleleza. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huhifadhi kemikali inayopitisha habari katika ubongo. Haiponyi, humpunguzia mgonjwa dalili kwa muda tu. Tena yaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha au kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo hutolewa kwa amri ya daktari.

Basi polisi akimkuta mzee wa Masinya amepotea mpakani Busia, hajui atokako, asimdhanie mlevi wala mhalifu. Jamaa zake nao wasiseme amerogwa. Apelekwe hospitali, Busia au Tororo, apimwe kwanza, kwani kaswende na malaria nazo huvuruga akili, na hizo zina tiba.