Munganga Becker: je, Oicha ilikuwa kwao?

Ukitoka muji wa Beni na kufuata barabara ya Eringeti na Komanda, kilomita karibu 30 mbele unafika Oicha, makao makuu ya teritware ya Beni. Siku hizi watu wengi wanaisikia Oicha juu ya habari za mauaji na za wakimbizi wa vita. Lakini wazee wanaijua kwa jambo lingine: hospitali. Kwa miaka mingi wagonjwa walitembea kwa miguu, wengine wakibebwa na ndugu zao, kusudi wafike kule kwa munganga mumoja muzungu. Jina lake Carl Becker.

Becker alikuwa Mumarekani. Aliingia Kongo mwaka 1929, akatoka katikati ya miaka ya 1970, akiwa amepita miaka 80. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule alioingia, siku ya kuondoka kwake aliweza kuwa tayari na wajukuu. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kwa kuangalia swali ambalo wakaaji wa Beni na Butembo wanajiuliza mara kwa mara juu ya wageni wanaokuja na kwenda: mutu anaweza kweli kufika kuwa mwenyeji wa inchi isiyokuwa ya baba yake, ao anabaki mugeni hata akizeeka pale?

Kutoka Pennsylvania mpaka Katwa

Alizaliwa mwaka 1894 katika muji mudogo wa Manheim, jimbo la Pennsylvania. Alisomea udaktari katika muji wa Philadelphia, akamaliza mwaka 1922. Kisha yeye na bibi yake Marie wakakaa Boyertown, muji mwingine mudogo wa jimbo lile. Kazi yake ilienda vizuri, na wagonjwa walimulipa.

Hakuna mutu aliyemufukuza kwao. Hili ni jambo la kushika, maana watu wa mashariki mwa Kongo wanajua zaidi kuhama kwa kulazimishwa: unasikia masasi usiku, unabeba mutoto na godoro, unaondoka. Becker alihama kwa kuitwa. Munganga mwanamke wa misioni alikuwa amefariki huku Kongo, na wamisionari wakamuomba yeye aje kushika nafasi yake. Aliacha pesa na wateja, akapanda meli pamoja na jamaa yake.

Alianzia Katwa, karibu na Butembo, pale ambapo leo kuna zone ya afya ya Katwa, jirani ya ile ya Vuhovi. Wakati ule Butembo haikuwa muji wa biashara unaojulikana leo. Hakukuwa na maduka yenye kupangana wala tshukudu zenye kujaa makala. Kulikuwa milima, baridi ya asubuhi, na vijiji vya Wanande. Munganga aliyezoea kuandika dawa kwa Kiingereza alipaswa kwanza kujifunza namna ya kuuliza mutu anaumwa wapi. Alijifunza Kiswahili cha huku, na kwa lugha ile alitibu na kuhubiri kwa maisha yake yote ya kazi.

Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe

Mwaka 1934 Becker alifika Oicha, kwenye mupaka wa musitu mukubwa wa Ituri. Pale walikaa Wambuba, Wanande na Wambuti. Nyumba za kwanza zilikuwa za udongo, kama za majirani. Polepole kukaonekana nyumba za wagonjwa, mahali pa operasio, nyumba ya wamama wa kuzaa. Siku yake ilianza mapema na kumalizika usiku. Hakuwa munganga wa ugonjwa moja tu: leo anapasua tumbo, kesho anatibu macho, kesho kutwa anazalisha mama aliyefika akiwa amechelewa.

Kazi iliyojulisha jina lake mbali zaidi ni ile ya ukoma. Zamani mwenye ukoma aliondolewa kati ya watu. Hata nyumbani kwake mwenyewe alifanywa kuwa mugeni: chakula chake pembeni, kitanda chake pembeni, kaburi lake pembeni. Oicha kulijengwa kijiji kizima cha wagonjwa hao, na hesabu yao ikafika watu elfu kadhaa. Walilima mashamba yao, walikuwa na nyumba, shule na kanisa. Mwanzoni dawa ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yaliyopigwa kwa sindano yenye maumivu na yenye faida kidogo. Kiisha, kwenye miaka ya 1950, kulikuja dawa mupya za jamii ya sulfone, na Becker akafuatilia kwa uangalifu namna zilivyofanya kazi kwa wagonjwa wake. Robert Cochrane, Muingereza aliyekuwa kati ya wataalamu wakubwa wa ukoma duniani, alipendezwa na kazi ile ya Oicha.

Hapa kuna jambo la ajabu. Watu waliokuwa wamefukuzwa kwao walipata kwao kwa mutu aliyetoka mbali. Na yule aliyetoka mbali, ni wao waliomupatia sababu ya kubaki. Wazee wanasema mugeni ni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Becker alipewa jembe lake mapema, na hakuliweka chini.

Mulango uliokuwa wazi kwa mumoja tu

Lakini haifai kupamba hadithi kupita kiasi. Becker aliishi Kongo ya Wabeleji. Katika Kongo ile muzungu, hata asiyekuwa Mubeleji, alikuwa na njia ambazo mwenyeji hakuwa nazo. Aliweza kwenda kwao kupumzika na kurudi. Mambo makubwa ya misioni yaliamuliwa na wageni. Kijana Mukongo mwenye akili aliweza kufundishwa uuguzi, aliweza hata kuwa musaidizi wa munganga, lakini mulango wa kuwa munganga kamili ulikuwa umefungwa. Inchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa Mukongo mwenye diploma kamili ya udaktari. Wale wa kwanza kutoka chuo kikuu cha Lovanium walimaliza mwaka uliofuata. Waganga wengi Wabeleji walirudi kwao katika miezi ile, na hospitali nyingi zikabaki bila munganga.

Basi mugeni anaweza kupenda mahali kwa moyo wote, na bado kukaa pale kwa masharti tofauti na ya jirani yake. Watu waliona tofauti hiyo hata kama hawakuisema. Ilionekana wazi zaidi mwaka 1964.

Mwaka ule uasi wa Simba ulisambaa mashariki. Mwezi wa nane Stanleyville, ambayo leo inaitwa Kisangani, ilianguka. Wazungu walitafutwa, na Wakongo waliosoma walitafutwa vilevile: makarani, walimu, wauguzi. Munganga Paul Carlson, Mumarekani kama Becker na mumisionari kama yeye, aliuawa Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964. Becker alikuwa amekwisha kuvuka mupaka na kuingia Uganda. Wakaaji wa Oicha hawakuwa na njia kama hiyo. Wenyeji wengi wa mashariki walikimbilia musituni wakati ule, wakala walichokipata, wakazika wafu wao bila kilio.

Mutu akitaka kusema kwamba Becker hakuwa wa pale, hii ndiyo hoja yake kubwa. Mwenyeji ni yule ambaye vita vikija hana mahali pengine pa kwenda. Mugeni ana pasipoti.

Kurudi kwa mutu wa miaka 70

Lakini hoja hiyo ina sehemu ya pili. Mwaka 1965 Becker alirudi. Alikuwa na miaka 70 na zaidi. Kwao Marekani watu wa miaka ile wanakaa kwenye baraza kuangalia wajukuu, na hakuna ambaye angemulaumu kama angebaki. Alirudi kwenye inchi yenye hospitali zilizoporwa, barabara zilizoharibika na dawa zilizokwisha.

Hakurudi pia kwa kufanya tu vile alivyofanya zamani. Alikuwa ameelewa kwamba munganga mumoja katika kila misioni, kila mutu kwa upande wake, hakuwezi kuendelea. Misioni tano ziliunganisha nguvu, na kukaanzishwa kituo kikubwa kule Nyankunde, katika Ituri, kusini-magharibi ya Bunia: hospitali na shule ya wauguzi. Becker alikuwa kati ya waanzilishi. Helen Roseveare, munganga Muingereza aliyeteswa na waasi mwaka 1964 na ambaye naye alirudi, alifanya kazi kule ya kufundisha vijana kuanzia mwaka 1966.

Shule ndiyo ilikuwa jambo kubwa. Kitanda kinatibu mugonjwa mumoja; darasa linatoa watu watakaotibu wengine nyuma yako. Mutu anayejiona mupitaji tu anamaliza kazi ya leo na kuhesabu siku za kurudi. Mwenye nyumba anafikiri nani atashika funguo akishaondoka. Miaka ya Nyankunde inamuonyesha Becker akifikiri kama mwenye nyumba.

Kaburi lake haliko huku

Katikati ya miaka ya 1970, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaire, Becker aliyekuwa amezeeka alirudi Marekani. Alifariki kule mwaka 1990, akiwa na miaka zaidi ya 90.

Kwa desturi za watu wengi wa huku, kaburi ndilo linakata maneno. Mutu ni wa pale alipozikwa, karibu na baba zake na mashamba yake. Ndiyo maana jamaa zinauza hata ng'ombe ili maiti irudishwe kwenye kilima chao. Kwa kipimo hicho, Becker alibaki mutu wa Pennsylvania. Lakini alipoiacha inchi ile kwanza alikuwa kijana, na aliporudi alikuwa muzee. Miaka yake ya nguvu ilibaki Katwa, Oicha na Nyankunde. Kwa mutu wa namna hiyo, kila upande unakosa kitu: huku kaburi, kule maisha. Pengine ndiyo bei ya kuwa na makao mawili.

Kuna kipimo kingine, na wakaaji wa mashariki wamekilipia damu. Tarehe 5 Septemba 2002, katika vita vya Ituri, Nyankunde ilishambuliwa. Watu walitafutwa kwa kabila. Wagonjwa waliuawa hata kwenye vitanda vyao. Shirika Human Rights Watch lilihesabu wafu wasiopungua 1,200. Wale waliowauawa hawakuwa wageni kutoka bahari ya pili. Walikuwa majirani waliochangia soko moja. Siku ile kuzaliwa pale hakukumulinda mutu. Aliyeitwa mwenyeji jana aligeuzwa mugeni asubuhi moja.

Wafanyakazi wa hospitali na wagonjwa walioponyoka walipita musituni kwa miguu, zaidi ya kilomita 100, kuelekea kusini. Mahali walipofika ni Oicha. Hospitali ya kwanza ya Becker ilipokea watu wa hospitali yake ya mwisho. Wakati ule yeye alikuwa amefariki miaka 12, na waliofungua mulango walikuwa Wakongo.

Miaka 16 nyuma ya pale, ugonjwa wa Ebola ulipoingia Beni, Butembo, Katwa na Vuhovi, kutoka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, ulipoteza watu zaidi ya 2,200. Wageni walikuja kwa magari mengi na kwa haraka. Wakaaji wengi waliwaogopa, wengine wakakataa chanjo, na wafanyakazi wa afya wakashambuliwa, wengine wakauawa. Mara nyingi aliyesikilizwa kwa urahisi ni muuguzi wa mtaa, yule aliyezalisha dada yako na anayejua lugha ya mama yako. Uaminifu haubebwi katika gari. Unakua polepole kama mukawa, mwaka kwa mwaka.

Becker alikuwa na muda ule, na aliutumia. Hakufika kuwa Munande wala Mumbuba, na pasipoti yake ilimutofautisha na majirani mpaka mwisho. Lakini kwao kwa mutu si jambo analoliamua peke yake. Wanaomupokea wana neno lao. Leo Oicha imeona masasi mengi kuliko yale aliyoyakimbia Becker, na hospitali kuu ya Oicha ingali inapokea wagonjwa na waliojeruhiwa. Wanaowatibu ni watoto wa inchi. Hao hawana mahali pengine pa kwenda, na wako kazini.