Mobutu na maradhi yasiyotajwa barazani

Mwaka wa 1997, nikiwa ningali mwanafunzi wa shule ya upili, jioni zetu mtaani Pumwani zilikuwa za redio. Wazee wa Majengo walikusanyika barazani baada ya swala ya magharibi, huyu na bao lake, yule na kikombe cha kahawa, wakifuatilia habari za Zaire. Waliitaja miji ya Kisangani na Lubumbashi kana kwamba iko ng'ambo ya Gikomba. Jambo moja tu hawakulitaja kwa jina: maradhi yaliyokuwa yakimtafuna mtawala wa nchi ile. Walinong'ona kwamba anaumwa huku chini, kisha wakabadili mazungumzo.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, kando ya Mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Alikuwa askari katika jeshi la kikoloni la Wabelgiji, kisha mwandishi wa magazeti, kabla ya kupanda ngazi za jeshi baada ya uhuru wa 1960. Tarehe 24 Novemba 1965 alitwaa serikali, akatawala kwa zaidi ya miaka 31. Sisi wanaisimu humkumbuka kwa imani yake katika nguvu ya majina. Mwaka wa 1971 aliibadili Kongo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata alilitupa jina lake la ubatizo, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na raia wakalazimika kufuata nyayo. Ajabu ni kwamba hata hilo Zaire lilikuwa neno la Kikongo, nzadi, yaani mto, lililopotoshwa na ndimi za Wareno.

Mwezi wa Agosti 1996 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume mjini Lausanne, Uswisi. Alipokuwa angali Ulaya akijiuguza, vita vilizuka mashariki mwa nchi, na Bukavu na Goma zikatekwa. Viongozi wa kanda hii walipokutana hapa Nairobi tarehe 5 Novemba kuujadili mgogoro huo, yeye hakuwapo. Alirejea Kinshasa mwezi wa Desemba, lakini maji yalikwisha mwagika. Tarehe 16 Mei 1997 aliukimbia mji huo, na tarehe 7 Septemba akafariki Rabat, Morocco, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa huko huko ugenini. Sisemi kwamba saratani ndiyo iliyomng'oa, la hasha. Utawala ule ulikuwa umeoza kwa wizi na dhuluma. Ila maradhi yalimweka mbali saa ambayo kila siku ilikuwa na uzito wake.

Siku chache kabla ya kuanguka, tarehe 4 Mei, Mobutu alikutana na Laurent Kabila katika meli ya kijeshi ya Afrika Kusini, mpatanishi akiwa Nelson Mandela. Mwaka wa 2001 Mandela naye aligunduliwa kuwa na saratani iyo hiyo. Habari zake zilitangazwa hadharani, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013, akiwa na miaka 95. Mimi si tabibu, na maradhi ya wawili hao huenda hayakuwa yamefikia hatua moja. Hata hivyo, tofauti ya miisho yao inatufaa tuitafakari.

Tangu hapo tiba zimeongezeka. Kuanzia mwaka wa 2000 madaktari wamekuwa wakiiondoa tezi hiyo kwa msaada wa roboti. Mashine haipasui kwa hiari yake. Daktari huketi pembeni, na mikono yake huongoza vyombo vidogo vilivyopenyezwa kwenye matundu tumboni. Damu hupotea kidogo, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Lakini uchunguzi uliofanywa Australia ulionyesha kwamba, baada ya miaka miwili, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume haukutofautiana sana na wa waliopasuliwa kwa mkono. Yako pia matibabu ya mionzi na ya homoni, na kwa saratani changa isiyo kali, kungoja huku daktari akiichunguza mara kwa mara. Wingi wa njia hizi humfaidi zaidi anayefika hospitalini mapema, na kipimo cha damu huweza kuashiria mapema kwamba pana kasoro.

Hapa ndipo isimu inaponihusu. Neno saratani lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kaa, na halina aibu yoyote. Tezi dume nalo ni jina la heshima, wala si kibofu kama wengi wasemavyo. Tatizo ni kwamba maneno haya hatuyafundishi, na mtu asiye na neno la staha la kueleza uchungu wake huchagua kunyamaza. Ami yangu alikuwa mmoja wa wazee wale wa barazani. Naye aliumwa huku chini kwa miaka, akatuambia ni baridi ya mgongo. Tulipojua ukweli alikuwa hawezi tena kusimama. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chake tulikilia sisi, Pumwani.

Enyi walimu wenzangu, mnapofundisha habari za Zaire, litajeni na jina la maradhi yale, mwanafunzi akamwulize babaye nyumbani iwapo amekwisha kupimwa.