Nansen na karatasi ya wakimbizi

Sisi watu wa mine tunajua: mutu asiye na karatasi hapati kazi, na asiye na kazi hapati posho. Fridtjof Nansen alijua vilevile. Alizaliwa 1861 katika inchi ya Norwe, huko Ulaya; jina lake lilivuma kwanza kwa safari zake za barafuni.

Mwaka 1921 Société des Nations ya Genève ilimupa kazi ya kuangalia wakimbizi. Warusi zaidi ya milioni 1 walikuwa wamekimbia inchi yao, na serikali ikawanyanganya uraia. Genève ililipa kazi ya ofisi tu. Feza ya kulisha watu haikutoa.

Mwaka 1922 Nansen akawapatia karatasi ya kuvukia mipaka na kutafutia kazi. Inchi zaidi ya 50 zikaikubali. Kisha, toka 1926, mukimbizi mwenye uwezo alilipa timbre ya franka 5 za zahabu, masikini hakulipa. Ile feza ikasaidia wenzao wasio na kitu. Nansen mwenyewe alitoa feza ya zawadi yake ya Nobel.

Alikufa 1930. Ametuachia somo hili: posho inaisha, lakini karatasi na kazi vinamusimamisha mutu.