Rubani aliyefungwa na nchi aliyoipigania

Kila inapotajwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia tunasimuliwa habari za Hitler, Churchill na Stalin. Leo nataka tumtazame kijana mmoja wa Hungaria, Dezső Szentgyörgyi, kwani kila nikisoma habari zake hujiuliza askari wa chini hupigana kwa ajili ya nani hasa.

Alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji cha Kőkút. Mwaka 1941 Hungaria iliingia vitani dhidi ya Urusi ikiwa bega kwa bega na Ujerumani, na mwaka uliofuata naye akapelekwa huko. La ajabu ni kwamba ndege ya kwanza aliyoiangusha, Agosti 1942, ilikuwa Heinkel ya Wajerumani, yaani ya washirika wake mwenyewe, aliyoidhania ya adui! Hakuvunjika moyo. Hadi vita vinakwisha alihesabiwa kuangusha ndege zipatazo 30, na hakuna rubani mwingine wa Hungaria aliyemfikia.

Lakini mwaka 1944 ndio unaonisumbua. Machi Wajerumani waliivamia Hungaria, mshirika wao. Aprili ndege za Marekani zikaanza kuipiga Budapest kwa mabomu. Szentgyörgyi akawa katika kikosi cha 101, maarufu kwa jina la Puma, akirusha Messerschmitt kuwazuia Wamarekani wasiue watu mijini. Nani atamlaumu kwa hilo? Wakati huohuo, chini ya anga aliyokuwa akiilinda, serikali yake kwa kushirikiana na Wajerumani ilikuwa ikiwapakia Wayahudi katika mabehewa ya treni. Kati ya Mei na Julai walisafirishwa zaidi ya 400,000, wengi wao wakapelekwa Auschwitz kuuawa. Ushujaa wake siukatai, ila siwezi kuutaja bila kuyataja mabehewa hayo.

Vita vilikwisha Mei 1945, kikosi chake kikiwa kimerudi nyuma hadi Austria. Angeweza kubaki ughaibuni kama walivyofanya wenzake kadhaa, lakini alirudi kwao, akarusha ndege za abiria. Mwaka 1950 utawala wa kikomunisti ukamkamata na kumtia gerezani, akakaa huko hadi 1956. Kisha serikali ileile iliyomwona hafai ikamkabidhi tena usukani, safari hii wa ndege za shirika la Malév. Marubani wazoefu hawaokotwi njiani.

Tarehe 28 Agosti 1971, akiwa amebakiza muda mfupi astaafu, ndege yake aina ya Ilyushin ilianguka baharini karibu na Copenhagen katika hali mbaya ya hewa, ikaua watu zaidi ya 30 pamoja naye. Yule ambaye mizinga ya Warusi na Wamarekani ilimkosa, alikufa akiwa amebeba abiria. Baada ya ukomunisti kuanguka, kambi ya ndege za kivita ya Kecskemét ikapewa jina lake.