MAISHA YA FRIEDRICH MIESCHER

Friedrich Miescher alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1844, katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu. Katika ujana wake ugonjwa ulimharibu masikio. Kwa hiyo alipofuzu udaktari mwaka 1868, aliona kuwa si rahisi kwake kuwasikiliza wagonjwa, akachagua kazi ya uchunguzi.

Alikwenda Tübingen, Ujerumani, kwa Profesa Hoppe-Seyler. Chumba chake cha kazi kilikuwa jiko la zamani la ngome ya mji ule. Alitaka kujua seli, yaani chembe za mwili, zimefanyizwa kwa vitu gani. Je, alizipata wapi chembe hizo? Katika usaha! Hospitali ya karibu ilimpa bandeji zilizotoka vidondani. Zilizooza alizitupa, nyingine akaziosha kwa maji ya chumvi. Kisha akatwaa maji ya tumbo la nguruwe yayeyushayo chakula, akaziyeyusha chembe hata vikabaki viini vyake tu. Mwaka 1869 aliona ndani ya viini kitu kigeni chenye fosforasi, akakiita nukleini. Leo chaitwa DNA.

Profesa wake hakusadiki upesi. Alirudia kazi ile yeye mwenyewe, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1871.

Mwaka 1872 Miescher akawa profesa Basel. Huko alichunguza manii ya samaki salmoni wa mto Rhine. Kwa kuwa nukleini huharibika kwa joto, alifanya kazi katika vyumba vyenye baridi kali. Mwaka 1874 alieleza kitu kingine alichokipata humo, protamini. Baadaye kifua kikuu kilimshika, akafa Davos tarehe 26 Agosti, 1895, mwenye umri wa miaka 51. Hakujua kwamba amegundua kitu kinachorithisha watoto sura ya wazazi. Jambo hilo lilionyeshwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1944.

Wenzangu, msidhani habari hizi ziko mbali nasi. Mjomba wangu, hapa hapa Juba, ana kisukari. Kabla ya kujidunga sindano huviringisha viganjani kichupa cha insulini yenye rangi ya maziwa. Insulini hiyo imechanganywa na protamini ili ifanye kazi polepole, ufundi ulioanzishwa na Hagedorn wa Denmark mwaka 1936.

Mjomba ana kidonda mguuni pia, nacho hakiponi upesi, maana sukari ikizidi damuni huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Sasa wataalamu wa China wanakunja nyuzi za DNA ziwe mapiramidi madogo mno, na kuyajaribu katika vidonda vya panya wenye kisukari, navyo hupona mapema zaidi. Bado si dawa ya hospitalini. Lakini tazameni: kitu kilichotolewa katika usaha wa vidonda chaelekea kurudi kuponya vidonda.

Sisi tukiingia maabara huziba pua kwa harufu kidogo tu. Mjomba aliniuliza ni nani aliyevumbua dawa yake. Nilimwambia kwamba mmoja wao alikuwa kijana mzito wa kusikia, aliyekubali kuosha bandeji chafu.