Bibi Fatma binti Asad, mlezi wa yatima

Huko Masoko wilayani Rungwe (si ile Masoko ya Kilwa), kama kwingineko nchini, yatima aghalabu hulelewa na bibi, shangazi au mke wa ami. Ijumaa hii tumeona tumkumbuke mke wa ami aliye mashuhuri kuliko wote, Bibi Fatma binti Asad (R.A.).

Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake ameshafariki. Akiwa na miaka 6 alifiwa na mama, na alipotimiza 8, yapata mwaka 578, akafariki babu yake Abdul-Muttalib. Ndipo ami yake Abu Talib akamchukua. Waandishi humsifu sana Abu Talib, na anastahili; lakini sisi twauliza, ni nani aliyepika na kugawa chakula? Nyumba ile ilikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Yasimuliwa kwamba Bibi Fatma alimtanguliza yatima mbele ya wanawe. Wala nasaba yake haikubadilishwa. Alibaki mwana wa Abdallah.

Miaka mingi baadaye Makka ilipatwa na ukame. Mtume, sasa mume wa Bibi Khadija, akamchukua Ali, mwana wa mlezi wake, akamlea kwake.

Bibi Fatma alisilimu, akahamia Madina, akafia huko yapata mwaka wa 4 Hijria. Yasimuliwa kwamba Mtume alimkafini kwa kanzu yake mwenyewe, akateremka kaburini, akalala humo kabla mama yule hajazikwa. Maswahaba walipomwuliza sababu, aliwajibu kwamba baada ya Abu Talib hakuna aliyemtendea wema kama yeye.